Wasomaji Wanauliza: Vita Vikiingia Mjini, Nani Hulinda Kaburi la Walii?

Toleo lililopita tulieleza jinsi makaburi ya mawalii wa Timbuktu, kaskazini mwa Mali, yalivyovunjwa na wapiganaji mwaka 2012, na jinsi mmoja wao alivyofikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko Hague. Barua zilizofuata zimekuwa nyingi, na nyingine kali. Tumechagua tano, tukazifupisha, na kuzijibu kadiri nafasi ilivyoruhusu.

Mheshimiwa Mhariri, mnasema mtu alifungwa miaka 9 kwa kuvunja makaburi. Sisi tuliokimbia vita tunajua thamani ya roho ya mtu. Kaskazini mwa Mali watu walipigwa viboko, wengine wakakatwa mikono, na wanawake wakadhalilishwa. Iweje mahakama kubwa namna ile ijishughulishe na udongo na mawe?
*Msomaji kutoka Bukavu, kwa sasa Kampala*

Swali lako ni la haki, na majaji wenyewe hawakulikwepa. Katika hukumu ya tarehe 27 Septemba 2016 walisema waziwazi kwamba makosa dhidi ya mali, kwa kawaida, ni mepesi kuliko makosa dhidi ya mwili wa binadamu. Sheria ya mahakama hiyo inaruhusu kifungo cha hadi miaka 30, au cha maisha kosa likiwa zito kupindukia; wao walitoa 9. Hakuna aliyesema kwamba tofali lina uzito sawa na mtoto wa mtu.

Lakini tazama jambo lenyewe lilivyotendeka. Mji wa Timbuktu ulitekwa mwanzoni mwa Aprili 2012, siku kama kumi baada ya mapinduzi ya kijeshi mjini Bamako, na muda si mrefu ukawa mikononi mwa kundi la Ansar Dine na washirika wake wa al-Qaeda. Walianzisha kikosi cha Hisba, yaani cha kuamrisha mema na kukataza mabaya, na mkuu wake akawa Ahmad al-Faqi al-Mahdi, mwalimu wa eneo hilo hilo, aliyesifika kwa elimu yake ya Kurani. Kazi yake ya kwanza haikuwa kuvunja. Alitumwa makaburini kuwaangalia waliokuja kuzuru na kuwaeleza kwamba wanakosea. Wakuu wake walipotaka makaburi yavunjwe, yeye aliwashauri wasifanye hivyo, ili wasiharibu uhusiano wao na wenyeji. Hawakumsikiliza, naye akatii. Aliandika hotuba ya Ijumaa ya kuhalalisha kazi hiyo, akagawa zana, akapanga lianzwe kaburi gani, akawapo kila mahali palipovunjwa, na katika sehemu zisizopungua tano akashika zana kwa mikono yake. Kati ya Juni 30 na Julai 11 yalishambuliwa majengo 10 yaliyotajwa katika mashtaka: makaburi 9 na mlango wa msikiti wa Sidi Yahia. Walitumia sururu na mitaimbo, na mahali pamoja wakaleta tingatinga.

Huo mlango wa Sidi Yahia unastahili maneno yake. Ulikuwa umefungwa tangu enzi ambazo hakuna aliye hai anayezikumbuka, na watu wa mji waliamini kwamba haufunguliwi mpaka siku ya mwisho wa dunia. Wapiganaji waliubomoa ili wawaonyeshe watu kwamba dunia haikuisha. Ukiutazama kama seremala, ni mbao chache na misumari tu, na thamani yake haizidi siku mbili tatu za kazi. Ila kwa mwenye mji, mtu mwenye bunduki alikuwa amesimama mbele ya macho yake akiyafanyia mzaha mambo aliyorithi kwa babu wa babu yake, naye hana la kufanya. Timbuktu hujiita mji wa mawalii 333, na wenyeji huamini kwamba mawalii hao ndio ngome yake. Anayevunja makaburi yao anawaambia walio hai kwamba hawana tena mlinzi. Kwa hiyo majaji walipopima uzito wa kosa, walitazama maana ya majengo yale kwa waliokuwa wakiyazuru, na pia ukweli kwamba yote isipokuwa moja yalikuwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, ambamo Timbuktu imo tangu 1988.

Kuhusu viboko na mateso, haki haikulala moja kwa moja, ingawa ilichelewa. Mwaka 2024 mahakama hiyo hiyo ilimtia hatiani Al Hassan Ag Abdoul Aziz, aliyekuwa katika polisi ya Kiislamu ya mji huo huo, kwa mateso na makosa mengine dhidi ya wakazi, na ikamhukumu miaka 10. Wasomaji wetu wa Kenya, wanaoikumbuka mahakama hiyo kwa kesi za baada ya uchaguzi wa 2007 zilizoporomoka moja baada ya nyingine, watakubaliana nami kwamba kesi ya al-Mahdi ilikuwa ya aina yake: Mali yenyewe ndiyo iliyopeleka malalamiko, mshtakiwa alikiri kosa na kuomba radhi, na usikilizaji ulimalizika kwa siku 3. Amekwisha kutoka. Mwaka 2021 alipunguziwa miaka 2, na kifungo chake kikaisha Septemba 2022.

Assalaam alaykum Mhariri. Naomba nisieleweke vibaya, siwaungi mkono wauaji. Lakini zipo hadithi sahihi zinazoamrisha makaburi yasawazishwe na kukataza kuyajengea. Je, sheria za kimataifa sasa zinatuamulia la kuamini?
*Msomaji, Mombasa*

Waalaykum salaam ndugu yangu. Safu hii haitoi fatwa, na kwetu pwani mjadala wa ziara, maulidi na kujengea makaburi umewashughulisha mashekhe wazito kuliko mimi, kwa hoja za pande zote mbili. Nitasema lile tu linalohusu vita.

Mahakama haikuamua lolote juu ya fiqhi, yaani sheria za dini. Haikusema kuba juu ya kaburi ni halali wala haramu. Iliuliza jambo jingine kabisa: je, kundi lililoingia mjini kwa silaha, katika vita ambavyo makaburi yale hayakuwa na sehemu yoyote, lilikuwa na haki ya kuyashambulia? Waumini wa mji wakikaa chini ya imamu wao na wazee wao, wakakubaliana kuondoa kuba waliyoijenga wenyewe, hilo ni lao, ingawa idara ya mambo ya kale inaweza kuwa na neno. Mgeni akija na bunduki akawaondolea kwa nguvu, hapo ndipo sheria ya vita inapoingia. Na kumbuka kwamba al-Mahdi mwenyewe, aliyeamini unavyoamini wewe juu ya kujengea makaburi, alishauri yasivunjwe.

Tena usidhani kwamba mipaka katika vita ni bidhaa iliyoletwa na Wazungu. Wasia wa Abubakar, khalifa wa kwanza, kwa kamanda wake Yazid bin Abi Sufyan, jeshi lilipokuwa likielekea Sham, yaani eneo la Syria, umepokewa katika Muwatta, kitabu cha hadithi cha Imam Malik: wasiue mwanamke, mtoto wala mkongwe, wasikate mti wenye matunda, wasibomoe mahali panapokaliwa, na wale watawa waliojitenga kwa ajili ya Mungu waachwe na hayo waliyojitengea. Anayetaka kuzuia sururu isipande juu ya kuba ana pa kuanzia hapo hapo nyumbani.

Jirani zetu wameionja shubiri hii. Kusini mwa Somalia al-Shabaab walifukua na kuvunja makaburi ya mashekhe wa kisufi, katika nchi ile ile alikotoka Sheikh Uways wa Barawa, ambaye tarika yake ya Kadiria ilifika Unguja na dhikiri zake zingali zikisomwa.

Bwana Mhariri, mimi ni askari mstaafu. Tulifundishwa kutopiga hospitali yenye alama nyekundu, lakini ngao ya buluu mliyoitaja sikupata kuiona. Inafanya kazi gani? Na adui akipanda juu ya mnara wa msikiti na bunduki, nifanye nini, nimtazame?
*Mstaafu, Morogoro*

Hupaswi kuona haya, Afande, kwani wengi hawaijui. Ngao hiyo ni alama ya Mkataba wa Hague wa 1954 wa kulinda mali za kiutamaduni wakati wa vita, uliozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili kuacha miji ya Ulaya ikiwa vifusi. Imechongoka chini, ina mraba wa buluu uliosimamishwa kwa pembe na pembetatu ya buluu juu yake, na nafasi zilizobaki ni nyeupe. Ikiwekwa peke yake huonyesha mali inayolindwa kwa kawaida. Zikiwa tatu pamoja, ni ulinzi maalumu. Tanzania imo katika mkataba huo tangu 1971, na mkataba wenyewe unadai kwamba jeshi lifundishwe habari zake wakati wa amani.

Swali lako la mnara ndilo gumu, kwa sababu mkataba una mlango wa nyuma. Unazitaka pande zote mbili zifanye mambo mawili: kwanza, zisilitumie jengo la namna hiyo kwa jambo litakaloliweka hatarini, pili, zisilishambulie. Kisha unaongeza kwamba wajibu huo unaweza kuwekwa kando penye ulazima wa kijeshi usioepukika. Maneno hayo yametumiwa vibaya mno, hata Itifaki ya Pili ya mkataba huo, ya 1999, ikalazimika kuyabana: jengo liwe kweli limegeuzwa shabaha ya kijeshi kwa jinsi linavyotumiwa, pasiwe na njia nyingine ya kupata faida ile ile, amri itolewe na kamanda wa ngazi ya juu, si koplo aliyekasirika, na hali ikiruhusu onyo litangulie. Kwa hiyo jibu lako, Afande, ni kwamba hutakiwi kumtazama tu, bali unatakiwa kujiuliza kwanza kama unaweza kumzunguka, kumkatia njia au kumngoja ashuke, na kutumia silaha inayomtosha mtu mmoja, si mzinga unaotosha msikiti mzima. Naye aliyepanda mnarani amekwisha kuvunja sheria kabla yako.

Msikiti Mkuu wa Aleppo unaonyesha nini hutokea pande zote zikipuuza. Mnara wake wa karne ya 11, uliokuwa umenusurika matetemeko na wavamizi, ulianguka Aprili 24, 2013 baada ya msikiti kugeuzwa uwanja wa mapambano kati ya jeshi la Syria na waasi. Kila upande ulimnyooshea kidole mwenzake. Upo mfano wa kinyume, usiosimuliwa sana: nchini Libya mwaka 2011, wataalamu waliwapa NATO orodha ya maeneo ya kale pamoja na vipimo vya mahali yalipo kwenye ramani. Penye ngome ya Kirumi ya Ras Almargeb palikuwa pameegeshwa magari ya rada kuizunguka. Magari yaliteketezwa, ngome ikabaki imesimama, na makovu ya vipande vya vyuma ukutani.

Ama alama yenyewe, ina hatari yake, na sitaificha. Mwaka 1991 Dubrovnik, mji wa Urithi wa Dunia tangu 1979, ulipigwa mizinga ingawa ulikuwa umewekewa alama za ulinzi. Waliohusika, Miodrag Jokić na Pavle Strugar, walihukumiwa baadaye na mahakama ya iliyokuwa Yugoslavia, kwa hiyo al-Mahdi hakuwa wa kwanza duniani kuadhibiwa kwa kosa la namna hii. Alikuwa wa kwanza kushtakiwa kwa hilo peke yake mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kwa kifupi ICC. Anayepigana kwa ajili ya ardhi huenda akaiheshimu ngao, kwani kesho atataka kutawala watu wa hapo. Lakini anayepigana ili kuwafuta watu hao, alama hiyo kwake ni kielekezo. Huko Timbuktu, UNESCO iliuingiza mji katika orodha ya urithi ulio hatarini tarehe 28 Juni 2012, na siku 2 baadaye sururu zikaanza. Wapo wanaoona kwamba tangazo lile liliwachokoza wapiganaji. Mimi naona walikuwa wameshaamua, ila naafiki kwamba penye adui wa namna hiyo ni afadhali kufanya kazi kimyakimya kuliko kupiga mbiu.

Ndugu Mhariri, makaburi ya Timbuktu yamejengwa upya. Je, ni yale yale, au ni sanamu ya yale ya zamani?
*Mwanafunzi, Zanzibar*

Ni yale yale, na nitakwambia kwa nini. Jengo la udongo halikai kama la jiwe. Linanyeshewa, linamumunyuka, na lazima likandikwe tena na tena. Msikiti wa Djingareyber, uliojengwa zama za Mansa Musa yapata mwaka 1327, usingefika hata karne moja bila mikono hiyo. Vile vijiti vya mbao vinavyochomoza ukutani, ambavyo mgeni hudhani ni pambo, ndivyo wanavyokanyaga waashi wanapopanda kukandika. Kwa hiyo udongo unaouona si wa mwaka 1327. Cha kale ni namna ya kuuchanganya, na ukoo wa mafundi wanaoijua.

Kazi ya kujenga upya ilianza Machi 2014. Mafundi walifukua vifusi mpaka wakaufikia msingi wa zamani, wakaupima, wakalinganisha na picha na kumbukumbu za wazee, kisha wakapandisha kuta juu ya alama zile zile. Makaburi 14 yalikuwa tayari kufikia Julai 2015, na funguo zikarudishwa kwa familia zinazoyatunza. Hata hivyo watu hawakuridhika mpaka Februari 2016, ng'ombe walipochinjwa na Kurani ikasomwa, jambo ambalo mhandisi hawezi kuliandika katika ripoti yake. Mahakama nayo, mwaka 2017, ilipanga fidia ya euro milioni 2.7, ikiwataja kwa namna ya pekee wale ambao riziki yao ilikuwa ni utunzaji wa makaburi hayo na wale ambao waliozikwa humo ni wazee wao. Serikali ya Mali ilipewa euro 1, kama ishara.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni kijana ninayesaidia kutunza msikiti wa kale na makaburi yanayouzunguka, huku kusini. Kwetu kuna amani, alhamdulillahi, lakini ng'ambo ya Ruvuma, huko Cabo Delgado, Msumbiji, tumeona ndugu zetu wanaosema Kimwani wakikimbia tangu 2017. Sisi hatuna fedha wala askari. Tufanye nini mapema?
*Msomaji, Wilaya ya Kilwa*

Marahaba mwanangu. Kifungu cha 3 cha ule Mkataba wa Hague kinasema maandalizi hufanywa wakati wa amani, kwa hiyo umeuliza kwa wakati wake. Tena Kilwa yenu inajua: mwezi Julai 1505 Wareno wa Francisco de Almeida waliuteka na kuupora mji wenu, na mwezi uliofuata wakauchoma wa Mombasa.

Anza na vipimo. Miaka ya nyuma niliwahi kupelekwa na mzee mmoja kwenye kaburi la nguzo, huko huko pwani ya kusini. Alifungua kitasa, akaweka chetezo chini, kisha akaanza kunionyesha mahali palipokuwa na mabakuli ya kaure yaliyopachikwa ukutani: "Hapa lilikuwa la buluu, shubiri nne toka chini, hapa la kijani, limeng'olewa nikiwa mtoto." Kila kitu alikuwa nacho, lakini kichwani tu. Nilipouliza kama imeandikwa popote, alicheka. Sasa wewe una simu. Piga picha kila ukuta ukiwa umeegemeza fimbo yenye alama za sentimita, ili fundi wa kesho ajue urefu. Piga na mihrabu, na maandishi, na mahali pa ufa. Wazee wasimulie, uwarekodi. Nakala moja ibaki kwenu, nyingine ipelekwe Idara ya Mambo ya Kale, na ya tatu ikae kwa mtu anayeishi mbali, kwa sababu vita vikifika, huja kwenye nyumba zote za mtaa mmoja siku moja.

Vitu vinavyobebeka, hasa misahafu na vitabu vya mkono, viorodheshwe, na ijulikane ni familia zipi zitavichukua. Timbuktu ilipotekwa, familia na wakutubi, Abdel Kader Haidara akiwa miongoni mwa viongozi wao, walivipakia vitabu katika masanduku ya bati, wakavisafirisha kidogo kidogo kwa mikokoteni ya punda, magari na mashua za Mto Niger hadi Bamako. Vilivyotoka vinahesabiwa kwa mamia ya maelfu. Katika taasisi ya Ahmed Baba, iliyokuwa na jengo jipya la kisasa, yapata vitabu 4,000 viliibwa au vilichomwa kabla wapiganaji hawajakimbia mnamo Januari 2013. Angalia basi: kilichookoa vingi ni sanduku la bati na watu wanaoaminiana. Ila orodha hiyo usiitundike ukutani wala kuituma kwenye makundi ya simu. Wezi wa vitu vya kale nao wana simu.

Mwisho, tafuta mafundi. Kuta zenu ni za matumbawe na chokaa ya kuchomwa tanuuni, si za saruji, na siku zitakapohitaji kuinuliwa, atahitajika mtu anayejua chokaa hiyo hulowekwa muda gani kabla haijafaa. Uliza ni wazee wangapi wilayani bado wanaijua kazi hiyo. Wakiwa wawili, mpeleke kijana mmoja kwa kila mmoja wao mwaka huu huu, kabla ya masika.